Mkaguzi wa vifaa tiba akichoka, nani anamuandikia hoja?

Ghala lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Singida, bati tupu juu na feni mbili, na mimi nimeshika faili la kumbukumbu za joto la mwezi wa kumi. Humo ndani kulikuwa na vipimo vya haraka vya malaria ambavyo lebo yake inasema visizidi nyuzi 30. Nikapitia karatasi ya kwanza, 25 asubuhi, 26 mchana, nikapitia ya pili, nikaweka tiki. Nishageuka kuchukua faili la malalamiko ya wateja, kijana niliyekuwa naye, bado yupo kwenye mafunzo, akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hapa Jumapili nani alikuwepo anaandika?"

Nikarudi kwenye karatasi. Jumapili zote zimejazwa. Wino mmoja, mwandiko mmoja, umelalia upande uleule kuanzia tarehe moja mpaka thelathini na moja. Na nyuzi 26 mchana, Dodoma, mwezi wa kumi, chini ya bati! Aliyewahi kupita soko la Sabasaba saa nane mchana mwezi huo anajua hizo namba ziliandikwa na mtu aliyekaa mezani siku moja akajaza mwezi mzima.

Kitu kama kile kwa kawaida ningekiona toka mlangoni, ndo kazi yangu miaka yote hii. Siku ile macho yalikuwa wazi, kalamu ipo mkononi, na sikuona. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hata nilipoonyeshwa sikushtuka, nilihisi tu uvivu, yani nikawaza sasa hii itabidi niiandikie hoja, yani niiweke rasmi kwamba ni dosari, na hoja ina maelezo, na maelezo yana picha, na picha zinataka kupangwa kwenye ripoti. Hapo ndo nilianza kusoma kwa makini kuhusu hicho wanachokiita banauti (burnout), yani kuishiwa nguvu na moyo kwa sababu ya kazi, na kwa nini watu wa kazi yetu tunaangukia humo huku tunatembea na mabegi yetu na vitambulisho shingoni kama hamna kitu.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Vifaa tiba ni vingi kuliko watu wanavodhani: bomba la sindano, glavu, kondomu, mashine ya presha, kipimo cha malaria, mashine ya kusafishia damu kwa wagonjwa wa figo, mpaka kile kibetri kinachopandikizwa kifuani kuusukuma moyo. Vinapangwa kwa hatari yake, daraja A kwa vile vya hatari ndogo mpaka D kwa vile ambavyo kikifeli mtu anakufa. Kwa hapa kwetu msimamizi ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, zamani TFDA, jina lilibadilika 2019 pale chakula na vipodozi vilipohamishiwa TBS, shirika la viwango, na makao makuu yapo hapahapa Dodoma. Mimi sipo TMDA wala ofisi yoyote ya serikali, nipo upande wa binafsi, tunakagua waagizaji, wasambazaji na mafundi wa vifaa hivyo kwa kipimo cha ISO 13485, cha shirika la kimataifa la viwango, toleo la 2016. Hicho ndo kitabu cha mfumo wa ubora wa vifaa tiba, kinauliza unanunuaje, unatunzaje, unarekodije, mteja akilalamika unafanyaje, bidhaa ikionekana mbovu unairudishaje.

Sasa kitu cha kuelewa ni kwamba ukaguzi wote ni wa sampuli. Ghala lina maboksi maelfu, mafaili mia na kitu, wewe una siku mbili. Unachomoa kumi hapa, tano pale, unauliza maswali, alafu unaandika hitimisho la ghala zima na unasaini jina lako chini. Yale mafaili tisini ambayo hukuyafungua nayo yamo ndani ya sahihi yako. Mtu wa nje anadhani kinachochosha ni kutembea na kuandika. Kutembea kunachosha miguu tu, ukilala inaisha. Kinachokula ndani ni ile saa tano usiku umelala gesti unakumbuka lile kabati la kona ambalo mwenye ghala alisema funguo anazo mhasibu, na mhasibu kasafiri, na wewe ukasema haya tuendelee.

Na sio woga wa bure. 2010 kule Ufaransa iligundulika kampuni ya PIP, iliyokuwa inatengeneza matiti ya kupandikiza, ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani badala ya ile iliyoidhinishwa kwa matibabu. Wanawake waliowekewa walikuwa mamia ya maelfu katika nchi nyingi. Kampuni ilikuwa na cheti, na wakaguzi walikuwa wanaenda kila mwaka, ila walikuwa wanatoa taarifa kabla, basi wakifika wanakuta kila kitu kimepangwa na makaratasi yamenyooka. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo kwa udanganyifu 2013. Ila mjadala haukuishia kwake, uliwafuata na wakaguzi mpaka mahakamani, miaka na miaka, kwamba nyie mlikuwa mnaangalia nini? Sheria mpya ya Ulaya ya vifaa tiba, ile ya 2017 iliyoanza kutumika rasmi Mei 2021, ikaja na masharti mazito zaidi, pamoja na ukaguzi wa kushtukiza angalau mara moja kila miaka mitano. Mi naona ni sheria nzuri. Ila kila inapoongezwa sharti moja kwenye karatasi kuna mtu mahali fulani anaongezewa mambo ya kuangalia, na siku hazijaongezwa. Mawimbi yake yanafika mpaka huku kwetu, maana waagizaji wetu wananunua kwa wenye vyeti hivyo na makaratasi yanazidi kuwa manene.

Turudi kwenye banauti. Neno hilo kwa maana ya kazi alilieneza mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, 1974, akiwaangalia wafanyakazi wa kliniki ya bure walivokuwa wanaisha nguvu mmoja mmoja, na wengi walikuwa ndo wale wenye moyo kuliko wengine. Baadaye Christina Maslach akatengeneza kipimo chake 1981, na mpaka leo tunatumia pande tatu zilezile alizozionyesha. Shirika la Afya Duniani nalo 2019 likaliingiza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, ila likasema wazi kwamba sio ugonjwa, ni hali inayotokana na kazi, na inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa vizuri. Hayo maneno ya mwisho yasome tena. Hayasemi mtu dhaifu, yanasema msongo ambao haujashughulikiwa.

Pande zenyewe tatu: ya kwanza kuishiwa nguvu, ya pili moyo kujitenga na kazi, kuiona haina maana au kuichukia, ya tatu kuona hufanyi lolote la maana hata ukijitahidi. Ya kwanza na ya tatu kila mtu anazijua akizipata. Ya pili kwa mkaguzi inajificha, na hapa ndo napenda nikae kidogo maana sijaona wengi wakiisema.

Moyo wa mkaguzi ukijitenga na kazi unatoka kwa sura mbili ambazo kwa nje hazifanani kabisa. Sura moja ni yule anayeweka tiki tu, hana muda na mtu, anataka kikao cha kufunga kifike aende. Sura ya pili ni yule anayeandika kila kitu hoja, sahihi imepita mstari hoja, tarehe imeandikwa kwa mtindo tofauti hoja, anawaongelesha watunza stoo kama wezi. Huyu wa pili ofisini anasifiwa, "mkali yule, hachekiwi." Kumbe wote wawili wameacha kufanya kitu kilekile, wameacha kupima uzito. Hawaulizi tena hili likiachwa mgonjwa atapata nini. Mmoja anaona hamna kitu chenye uzito, mwingine anaona vyote vina uzito sawa, na kwenye vifaa tiba hayo ni majibu mamoja, maana karatasi yenye hoja arobaini za mistari na tarehe inaifunika ile hoja moja ya joto la ghala. Mimi nilipitia zote mbili, nilianza na ukali, miezi kadhaa, alafu ukali wenyewe ukanichosha nikaingia kwenye tiki.

Kwa nini kazi hii hasa? Robert Karasek aliandika 1979 kwamba kazi nzito peke yake haimuumizi mtu sana, kinachoumiza ni uzito ukikutana na kukosa uamuzi, yani unadaiwa mengi na huna mamlaka ya kupanga unayafanyaje. Mkaguzi akiwa pale ghalani anaonekana ana madaraka makubwa, watu wanasimama akiingia, wanamletea soda na maji baridi. Ukweli hajachagua siku, hajachagua idadi ya siku, hajachagua nani aende naye, na kilichopatikana akishaandika kinaenda kwa watu wengine waamue cheti kitoke au kisitoke. Mwingine, Johannes Siegrist, 1996, akaleta habari ya jasho na malipo kutolingana, na malipo hapo sio hela tu, ni pamoja na shukrani na heshima. Sasa fikiria malipo ya ukaguzi uliofanyika vizuri ni nini. Ni kimya. Mtoto wa Bahi kapimwa malaria, kipimo kikasema kweli, kapewa dawa, kapona, kaenda shule, na hakuna mtu yeyote duniani atakayejua kuna dada alikataa kusaini ghala fulani. Aliyekaguliwa ndo anakukumbuka, na anakukumbuka kwa hasira.

Alafu kuna saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, saa tisa kwa siku, na muda wa ziada usizidi saa 50 katika wiki nne. Hesabu ya ofisini inakuwa safi kwa sababu inahesabu saa za ghalani peke yake. Basi la alfajiri kwenda Manyoni halihesabiwi, ripoti ya usiku gesti haihesabiwi, kurejesha masurufu na kubandika risiti moja moja za bodaboda haihesabiwi. Na tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma, Julai 2024, kuna jambo limebadilika ambalo sisi wenye safari za Dar tumelihisi mwilini. Zamani kwa basi siku nzima iliishia njiani, kwa hiyo hakuna aliyetegemea ukague siku hiyo, unalala, kesho unaanza. Sasa mtu anakupangia uondoke asubuhi, ukague, uwahi treni ya jioni, na laptopu ifunguliwe mkishapita Morogoro. Treni nimeipenda sana na sitaki irudi nyuma hata siku moja, ila ule usiku wa kupumzika tulionyang'anywa hakuna aliyekaa akaujadili. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani walitoa makadirio 2021 kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 kwa wiki au zaidi. Jumlisha saa zako zote, na zile za basi, uone uko wapi.

Sasa naomba nifike kwenye lile linalonikera kuliko yote.

Sisi wakaguzi tuna jibu moja tunalikataa kila siku. Umekuta dosari, unamwambia mwenye ghala atafute chanzo, anakuletea karatasi: "Chanzo ni uzembe wa mtumishi. Hatua: mtumishi amepewa onyo na mafunzo upya." Tunairudisha. Mkaguzi wa wiki ya kwanza anafundishwa kuirudisha, maana binadamu atakosea tu, swali ni mfumo gani ulimwacha akosee bila mtu kujua. Tunamwambia uliza kwa nini, alafu kwa nini tena, mara tano ikibidi, mpaka ufike kwenye kitu ambacho ukikibadilisha tatizo halirudi.

Alafu mkaguzi mwenyewe akichoka mpaka haoni Jumapili zilizojazwa, ofisi inafanya nini? Mi niliambiwa nichukue likizo, alafu nikapelekwa semina ya siku moja ya kujitunza, na tulifundishwa kuvuta pumzi na kunywa maji ya kutosha. Yani onyo na mafunzo upya. Jibu lilelile tunalolikataa kwa watunza stoo ndo tulipewa sisi, na tulilipokea na kusema asante! Sisemi likizo ni mbaya, siku 28 ni haki yako kisheria na zichukue zote. Ila likizo inamrudisha mtu akiwa na nguvu kwenye meza ileile iliyommaliza, na mi nilirudi, na mwezi wa pili tu tangu nirudi nilikuwa palepale.

Kwa hiyo nikakaa na ile ya Jumapili nikaifanyia kama ningemfanyia mteja. Kwa nini sikuona? Nilikuwa nimelala saa tatu tu. Kwa nini? Nilikuwa namalizia ripoti ya ukaguzi wa wiki iliyopita. Kwa nini ripoti ilikuwa haijaisha? Haikuwa na siku yake kwenye ratiba, ratiba ilikuwa ghala mpaka ghala. Kwa nini haina siku? Kwenye bei tuliyompa mteja tuliandika siku mbili za ukaguzi, ripoti ikachukuliwa itajiandika yenyewe. Kwa nini tuliandika siku mbili? Kwa sababu mshindani aliandika mbili na mteja anachagua wa bei ndogo. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Miezi yote ile nilijiona mimi ndo nimeisha, kumbe chanzo kilikuwa kwenye karatasi ya bei iliyosainiwa na mtu ambaye hata ghala hajaliona.

Wanaotoa vyeti vya kimataifa wana jedwali la kuhesabu siku za ukaguzi wa ISO 13485 kwa kuangalia idadi ya wafanyakazi wa anayekaguliwa, na kwa kawaida maandalizi na ripoti vikijumlishwa havitakiwi kula zaidi ya sehemu moja ya tano ya muda wote. Lengo lake ni jema, kumzuia mkaguzi asikae ofisini akaandika ukaguzi wa kwenye kiti. Ila aliyewahi kuandika ripoti ya hoja sita zenye ushahidi anajua hiyo moja ya tano huwa haitoshi, na kinachobaki kinalipwa na usiku wa mtu. Na hapa kwetu ambako kazi nyingi ndogondogo hazipiti hata kwenye jedwali hilo, kinachoamua ni maelewano ya bei tu.

Kuna kitu kimoja ningependa mabosi wa kazi hizi wakijue. ISO wenyewe walitoa mwongozo wa afya ya akili kazini, 45003, 2021, na Shirika la Afya Duniani likatoa wa kwake 2022, na yote inaanza na kazi ilivyopangwa kabla ya kumgusa mtu mmoja mmoja. Kile kitabu cha 13485 nacho kina kipengele cha mazingira ya kazi na kingine cha uwezo wa watumishi, tunawauliza wateja vipengele hivyo kila wiki. Sijawahi kuona mtu anatuuliza sisi.

Mtu anaweza kusema mbona kama ni sonona hiyo, sio kazi. Inawezekana, na ni vizuri kutofautisha. Banauti imefungwa kwenye kazi, ukiwa harusini au kwenu kijijini unajisikia mtu tena walau kidogo. Ikiwa huzuni imekufuata kila mahali wiki mbili au zaidi, chakula hakina ladha, usingizi haupo, unawaza kufa, hapo usisubiri ofisi ibadilishe ratiba, nenda hospitali. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na najua jina hilo mtaani linavotumika, mtu akisema fulani kapelekwa Mirembe wanacheka. Watu wanaenda kliniki asubuhi na saa sita wapo kazini kwao, na wewe hujui. Mwenzangu mmoja alienda. Aliniambia baada ya mwaka mzima, tumekaa Area D tunakula zabibu, na kilichomuuma ni huo mwaka wa kuficha kuliko dawa.

Ofisini kwetu mabadiliko yamekuja polepole na sio yote. Ripoti sasa ina siku yake na inaandikwa kwenye bei, tumepoteza wateja wawili kwa hilo, tumebaki na wengine. Tunaenda wawili wawili, na mdogo ana ruhusa ya kumuuliza mkubwa mbele ya faili bila kuonekana hana adabu, hii ilikuwa ngumu kuliko ile ya hela. Saa za njiani tunaziandika, hazilipwi bado, ila zinaonekana, na mtu akifika saa 50 kwa wiki, wiki inayofuata hapangiwi safari. Kabla ya kikao cha kufunga tunakaa pembeni dakika ishirini na swali ni moja tu, kipi hapa kinamgusa mgonjwa, na hicho ndo kinasomwa cha kwanza. Bado hatuna jibu kwa wale wanaopangiwa na wateja wa nje kwa saa za Ulaya au Asia, simu saa sita usiku zinaendelea.

Lile ghala la njia ya Singida tulirudi mwezi Februari, mimi na yule kijana. Wameweka dari na kifaa kinachorekodi joto chenyewe. Karatasi ya mkono bado ipo, wameamua kuiacha, wino umebadilika kila siku na kuna siku mchana umeandikwa 33 umezungushiwa duara jekundu, pembeni pana maelezo maboksi yalihamishiwa wapi na saa ngapi. Jumapili zote ziko wazi, na mtunza stoo ameandika kwa herufi kubwa, HATUKUWEPO. Kijana akaniangalia. Nikaisoma karatasi yote mpaka chini, kisha nikaweka tiki.